Tim Bildingi ya Porini: Nini Kinafundishwa Pale, na Nini Hakifundishiki

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, picha zilezile huanza kusambaa kwenye magrupu ya WhatsApp: wafanyakazi wa benki wamevaa fulana za rangi moja wakivuta kamba ufukweni Kigamboni, maofisa wa shirika fulani wamefungwa vitambaa machoni wakipapasa njia kwenye nyasi za Naivasha, meneja mzima kalowa matope hadi shingoni. Chini ya picha maoni hugawanyika. Wapo wanaosema fedha za kampuni zinachezewa, heri zingeongezwa kwenye mishahara. Wapo wanaoapa kuwa hiyo ndiyo dawa ya ofisi iliyojaa majungu. Katikati yupo mfanyakazi aliyepewa ratiba inayoonyesha saa ya basi kuondoka na saa ya chakula, na hajui kama anakwenda kustarehe, kujifunza au kupimwa.

Mkanganyiko huu una chanzo. Jina moja, tim bildingi (yaani "team building", kujenga timu), limebebeshwa mambo matatu ambayo kila moja lina shabaha yake.

La kwanza ni bonanza. Watu wanatoka ofisini, wanacheza netiboli na kukimbia na magunia, wanakula nyama choma, wanarudi. Shabaha yake ni kupumzika na kufahamiana, nayo ni shabaha halali kabisa, mradi isiitwe mafunzo.

La pili ni kujenga timu hasa. Watu wanaotegemeana kikazi kila siku wanapewa kazi ndogo wasiyoizoea, mahali ambapo vyeo na kompyuta haviwasaidii, ili namna yao ya kushirikiana ionekane wazi, kisha ijadiliwe na kurekebishwa.

La tatu ni mafunzo ya uongozi. Hapa anayelengwa ni mtu mmoja mmoja: anafanyaje uamuzi akiwa amechoka, taarifa hazijakamilika, na wenzake wanamsubiri?

Makampuni mengi hulipia la kwanza, yakaahidiwa la pili, na kwenye ripoti yakaandika la tatu. Lawama nyingi za mitandaoni zinaanzia hapo.

Kumtoa mtu nyumbani ili kumfundisha si jambo geni kwetu. Jando na unyago vilimweka kijana pembeni, vikampitisha kwenye magumu ya kweli, kisha kungwi akakaa naye kumfumbulia kwa nyimbo na mafumbo kile alichopitia. Mfumo ambao makampuni yanautumia leo, hata hivyo, ulizaliwa vitani. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alifungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933, akaachiwa na kukimbilia Uingereza. Mwaka 1941, meli za mizigo zikizamishwa na nyambizi katika Atlantiki, Lawrence Holt wa kampuni ya meli ya Blue Funnel alikuwa na jambo linalomsumbua: kwenye boti za kuokolea, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa na kufa, huku wazee wakivumilia hadi kuokolewa. Vijana walijua kazi za melini. Walichokosa ni uzoefu wa kupita kwenye dhiki na kugundua kwamba wanaweza. Hahn na Holt wakafungua shule huko Aberdovey, Wales, iitwayo Outward Bound, na kozi yake ikawa ya takriban mwezi mmoja wa kuendesha mashua, kuokoa watu na kutembea milimani.

Mbegu hiyo ilifika Afrika Mashariki mapema. Katika miaka ya 1950 palikuwa na shule ya Outward Bound Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na kupanda mlima kulikuwa sehemu ya mafunzo yake.

Kisha likatokea badiliko ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza kwa nini matarajio ya leo hayalingani na kinachotolewa. Mwaka 1971, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mradi ulioitwa Project Adventure ulichukua mazoezi ya milimani na kuyaingiza kwenye viwanja vya shule: kamba zikafungwa kwenye miti, mafumbo ya kikundi yakatungwa ya kumalizika ndani ya kipindi kimoja. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu wasioweza kwenda mlimani mwezi mzima walipata ladha yake. Lakini makampuni yalipoyapokea mazoezi haya mafupi, yaliyapokea pamoja na ahadi za kozi ndefu. Ndiyo maana mtoa huduma anaweza kukuuzia saa sita za michezo na kukuahidi kile ambacho Hahn alikitafuta kwa mwezi.

Tuanze na mchezo ambao kila mtu anaujua. Kuvuta kamba kupo Mei Mosi, kupo kwenye mashindano ya SHIMIWI ya watumishi wa wizara, kupo kwenye kila bonanza. Wengi wanadhani funzo lake ni kwamba umoja ni nguvu. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo Mfaransa, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Alikuta kinyume cha methali: kadiri watu walivyoongezeka, kila mmoja alichangia kidogo zaidi. Walipofika wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu alizokuwa nazo alipovuta peke yake.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kukosa mwafaka wa wakati. Huyu anavuta, yule anavuta pumzi. Wavuvi wanaokokota juya ufukweni wana tiba yake tangu zamani: mmoja anaita, wote wanaitikia, na mkono wa kila mtu unaingia pamoja na sauti. Sababu ya pili haitibiki kwa wimbo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka wa kwanza kwenye kamba, na nyuma yake wakaweka watu waliojifanya wanavuta ilhali hawavuti. Alipoamini kuwa ana wenzake, alilegeza mkono, ingawa alivuta peke yake na hapakuwa na mwingine wa kupishana naye kwa wakati. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba ulegevu huo hupungua sana mchango wa kila mtu unapoweza kuonekana.

Sasa ichukue hiyo uirudishe ofisini. Ripoti inayoandaliwa na kamati ya watu wanane huchelewa kwa sababu zilezile mbili, na kila moja ina tiba tofauti: kama tatizo ni mwafaka wa wakati, weka mtu mmoja wa kuratibu, kama ni ulegevu, kila sehemu iandikwe jina la mwenye nayo. Hilo ni funzo ambalo meneja anaweza kulitumia Jumatatu asubuhi. Lakini nimeshuhudia kamba ikivutwa mara nyingi mno, mshindi akapewa mbuzi, na hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Zoezi jingine linaonyesha vizuri zaidi kazi hii inavyofanyika. Mwezeshaji anachukua ufito mwepesi, wa mwanzi au bomba jembamba la plastiki. Watu kumi wanasimama safu mbili zikitazamana, kila mmoja amenyoosha vidole vya shahada mbele ya kifua. Ufito unalazwa juu ya vidole. Masharti ni mawili: ushuke hadi chini, na kidole cha mtu yeyote kisiachane nao. Inaonekana kazi ya dakika moja. Kinachotokea karibu kila mara ni kwamba ufito unapanda. Unafika shingoni. Watu wanacheka, kisha wanaacha kucheka. "Shusheni!" "Ninyi wa upande ule ndio mnaupandisha!" Mkuu wa idara anapaza sauti, wanamwitikia "sawa bosi", na ufito unaendelea kupanda.

Hakuna uchawi. Kila mtu anaogopa kuwa yeye ndiye atakayeachana na ufito, kwa hiyo anasukuma juu kidogo, kiasi ambacho mwenyewe hakihisi. Misukumo kumi midogo inazidi uzito wa ufito. Kila mmoja anatimiza sharti lake kikamilifu, na lengo la wote linaharibika.

Mwezeshaji asiyejua kazi atasimamisha zoezi, aseme "mmeona umuhimu wa ushirikiano?", apigiwe makofi, twende mchezo wa pili. Anayejua atawakalisha chini ya mti na kuanza kuuliza taratibu. Nani aligundua mapema kwamba tunasukuma juu? Alisema? Alimwambia nani? Mara nyingi aliyegundua ni mtu wa mwisho kwenye safu, dereva au karani mgeni, na alinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwa wanaongea. Kisha linakuja swali lenye uzito kuliko yote: ofisini kwetu ufito gani unapanda? Hapo mtu wa manunuzi atakiri kwamba anarudisha maombi mara tatu ili asije akaulizwa na wakaguzi. Mhasibu atasema anakaa na hati hadi ipate sahihi ya ziada ili naye awe salama. Kila mmoja amejilinda vizuri, na mteja amesubiri wiki sita.

Dakika arobaini za namna hiyo zina thamani kuliko michezo yote ya siku. Timu ya mpira ikifungwa, kocha huwakalisha wachezaji wakaangalia mkanda wa mechi: hapa beki aliacha nafasi, hapa kiungo alichelewa kurudi. Timu isiyokaa kikao hicho inaweza kucheza msimu mzima na kufungwa bao lilelile. David Kolb, msomi wa Marekani, aliiandika njia hii ya kujifunza hatua kwa hatua mwaka 1984: mtu anatenda, anatafakari alichotenda, anapata kanuni, anaijaribu kanuni hiyo katika jambo jingine. Tim bildingi nyingi zinaishia kwenye hatua ya kwanza na kupiga picha.

Uzito wa kikao hicho umepimwa. Mwaka 2013 Scott Tannenbaum na Christopher Cerasoli walikusanya tafiti nyingi kuhusu vikao vya kutathmini baada ya tendo, kuanzia jeshini hadi hospitalini, wakakuta kwamba vikiendeshwa vizuri huinua utendaji kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Ni kikao cha watu kuzungumza, na hakihitaji kamba, boti wala mlima.

Je, porini penyewe panasaidia chochote basi? Panasaidia. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake walichambua tafiti 96 za kozi za aina ya Outward Bound. Washiriki waliongezeka kiasi katika kujiamini, kujitawala na uongozi, na ongezeko hilo halikuyeyuka baada ya kozi. Liliendelea kukua, jambo ambalo mafunzo mengi ya darasani hayalipati. Ila kozi zilitofautiana mno kwa ubora, na ndefu zilizishinda fupi. Mwaka 2009 Cameron Klein, Eduardo Salas na wenzao waliangalia kujenga timu makazini kwa njia nne: kuweka malengo, kufafanua nani anafanya nini, kutatua matatizo pamoja, na kukuza mahusiano. Zote zilisaidia. Zilizosaidia zaidi ni malengo na mgawanyo wa majukumu.

Hapa msimamo wangu ni thabiti. Waandaaji wengi wanaanza na mahusiano, "watu wapendane", kwa sababu ni rahisi kuyachezea. Lakini uhasama mwingi wa ofisini hautokani na chuki. Unatokana na watu wawili kuamini kwamba kazi fulani ni ya yule mwingine. Ukiwapa zoezi linalowalazimisha kugawana majukumu waziwazi, kisha wakayaandika ya ofisini kwa namna hiyohiyo, upendo utajitafutia njia wenyewe.

Kwenye uongozi mambo yanahitaji muda na hali halisi. NOLS, shule ya uongozi wa nyikani iliyoanzishwa na mpanda milima Paul Petzoldt huko Wyoming, Marekani, mwaka 1965, ina desturi nzuri: kila siku kikundi kinakuwa na kiongozi mpya miongoni mwa washiriki. Leo wewe ndiye unayesoma ramani, unayeamua tupumzike wapi, unayemsikiliza anayelalamika miguu. Jioni wenzako wanakwambia ulivyoongoza, ukiwa umekaa nao. Kesho unaongozwa, na unajifunza jinsi inavyoudhi kuongozwa na mtu asiyesema anachofikiri.

Kilimanjaro, mita 5,895, hufundisha kitu ambacho hakuna ukumbi wa hoteli unaokiweza. Mkurugenzi aliyezoea kuitikiwa anakuta mwendo unapangwa na mwongozaji kijana anayerudia "pole pole", na anayeukaidi anaweza kuumwa kichwa na kutapika kwa ugonjwa wa mwinuko. Mwongozaji akiamua kwamba mtu ashuke, anashuka, cheo chake kikae mfukoni. Kumtii mwenye ujuzi aliye chini yako kimadaraka ni sehemu kubwa ya uongozi, nayo haifundishwi kwa slaidi. Hata hivyo mlima hauhitajiki kwa kila kampuni. Siku moja msitu wa Pugu, au matembezi ya milima ya Ngong au Uluguru, yanatosha kubadilishana uongozi kila baada ya saa moja.

Kuna imani mbili potofu zinazoumiza watu, na sizipiti haraka.

Ya kwanza ni kwamba zoezi likitisha zaidi ndivyo linavyofundisha zaidi. Mtu aliyeshikwa na hofu kali hajifunzi. Anasubiri tu liishe. Mwezeshaji mzuri anatafuta hali ya kumsumbua mtu kidogo huku usalama wake ukiwa wa uhakika. Na hatari za porini ni za kweli. Korongo la Ol Njorowa ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, linapendwa sana na vikundi. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini humo, na Septemba 2019 yakaua tena watalii. Maji huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, wakati hapo ulipo jua linawaka. Mwandaaji asiyeuliza hali ya hewa ya mwinuko wa juu, asiye na mtu wa huduma ya kwanza, asiyehesabu jaketi okozi kabla ya boti kuingia mtoni, hafai kupewa watu wako, hata bei yake iwe nzuri namna gani.

Ya pili ni kwamba anayekataa zoezi si mtu wa timu. Project Adventure walijenga kazi yao juu ya kanuni kwamba mshiriki mwenyewe ndiye anayechagua afike wapi, na kanuni hiyo ina sababu. Kuna mjamzito ambaye hajawaambia. Kuna mwenye pumu, mwenye mguu wa bandia, aliyefunga, mwanamke asiyekubali kubebwa na wanaume asiowajua vizuri, mtu aliyewahi kunusurika kuzama. Hakuna hata mmoja anayepaswa kujieleza mbele ya idara nzima. Mpe kazi nyingine yenye maana: kupanga mkakati, kutunza muda, kuandika alichokiona. Mara nyingi mtazamaji ndiye anayeleta hoja nzito kwenye kikao.

Zoezi la kujiachia uanguke chali wenzako wakudake ningeliacha kabisa. Halijengi imani ofisini. Imani hujengwa pale mtu anaposema kosa lake na asiadhibiwe kwa kulisema. Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yake ni kwamba watu wake hawakuogopa kusema. Kama bosi wako anamkumbatia kila mtu Jumamosi na Jumatatu anamfokea aliyeleta habari mbaya, Jumamosi imekwisha kufutika.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo pori halitayagusa. Mshahara unaochelewa, upandishaji vyeo wa kujuana, meneja anayenyanyasa, watu wanne wanaofanya kazi ya tisa. Kuwapeleka wafanyakazi wa namna hiyo kwenye michezo kunawaongezea uchungu, maana wanaona bajeti ipo. Tatueni hilo kwanza, ofisini, kwa nyaraka na maamuzi.

Jambo la sheria nalo lisiachwe kando. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na Kenya ina sheria ya mafao kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya mwaka 2007, na msingi wa zote mbili ni jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi. Omba mwajiri aandike barua inayosema safari ni ya kikazi, tarehe gani na wapi, na majina ya wanaokwenda. Fomu ya mtoa huduma inayosema "sitadai chochote" isainiwe baada ya kusomwa, kamwe si ndani ya basi.

Ukiwa wewe ndiye unayeandaa, anza na swali moja la kazi, liandike kwa sentensi moja: "Kwa nini oda za mikoani zinakwama kati ya mauzo na stoo?" Mpelekee mwezeshaji sentensi hiyo na umuulize atachagua mazoezi gani na kwa nini. Akikujibu kwa orodha ya michezo aliyonayo, tafuta mwingine. Tengeni angalau nusu ya muda kwa mazungumzo. Ondokeni na mambo mawili au matatu yaliyoandikwa, kila moja na jina la mtu na tarehe. Pombe, kama ipo, isubiri kazi iishe, na usafiri wa kurudi uwe umepangwa. Kisha kaeni tena baada ya wiki sita kuangalia kipi kimefanyika. Ankara ikija na mistari ya usafiri, chakula, fulana na uwanja tu, uliza kikao cha wiki ya sita kimewekwa mstari gani, kabla hujaisaini.